Ziwa Natron: Mvua Ikizidi, Mvua Ikipungua

Atokaye Mto wa Mbu kwenda kaskazini hufuata ukuta wa Bonde la Ufa hadi Engare Sero, kijiji kilicho karibu na mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Tulipotokeza hapo, tuliliona Ziwa Natron limetanda katika jua kali. Kina chake hakifiki mita 3, na magadi yake huunguza ngozi. Hata hivyo, mahali hapa ambapo viumbe wengi hawathubutu kukanyaga, ndipo wanapozaliwa heroe wadogo wengi kuliko popote pengine duniani.

Tulijiuliza: kwa nini ndege mwenye mabawa ya kumfikisha mbali achague makao magumu namna hii? Jibu ni usalama. Heroe hufinyanga tope likawa kichuguu kifupi, kisha hutaga juu yake yai 1 tu, ambalo dume na jike hulilalia kwa zamu kwa takriban siku 28. Maji na tope vinavyozunguka viota ndivyo boma lao dhidi ya fisi na mbweha.

Lakini boma hilo hutegemea mvua. Ikizidi, ziwa hupanda na kuzamisha viota. Ikipungua, tope hukauka na adui akapata njia. Ndiyo maana hupita miaka bila kizazi kipya kufanikiwa. Mwaka 1962 Natron lilifurika, heroe wakaenda kutaga Ziwa Magadi nchini Kenya. Huko magadi yaliganda miguuni mwa makinda kama pingu, na watu wenye huruma wakazivunja pingu hizo na kuokoa maelfu.

Mvua hatuna amri nayo. Ni rehema ya Mola, huishusha apendavyo. Mto, hata hivyo, tumekabidhiwa sisi. Maji mengi ya Natron huletwa na Ewaso Ng'iro kutoka nyanda za Mau, Kenya. Msitu ukifyekwa huko, masika huleta mafuriko yenye udongo, na kiangazi mto hukonda. Tangu 2001 bonde la Natron limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, lakini orodha haizuii shoka.

Basi anayedhani kwamba mti aukatao ni wake peke yake, na aje autazame mto unapoishia.