Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Tumeutamka usemi huo tangu utotoni, lakini ni mara chache tumejiuliza: kwao mtu ni wapi, naye hupajuaje?

Tumtazame Zinedine Zidane, aliyezaliwa Marseille, nchini Ufaransa, mwaka 1972. Wazazi wake walitoka Algeria, iliyotawaliwa na Ufaransa hadi mwaka 1962. Baba yake alipowasili ugenini alikuwa kibarua wa ujenzi huko Saint-Denis, karibu na Paris. Katika mji huo huo, tarehe 12 Julai, 1998, mwanawe, mchezaji wa kiungo, alifunga mabao mawili kwa kichwa, Ufaransa ikaishinda Brazil 3–0 na kutwaa Kombe la Dunia. Mwana wa kibarua akawa fahari ya taifa.

Sifa zikafuata. Mwaka 2004 Shirikisho la Kandanda la Ulaya liliwaomba mashabiki wamchague mchezaji bora wa Ulaya wa miaka 50. Zidane alipata kura 123,582, akimpita Franz Beckenbauer wa Ujerumani kwa kura 1,013 tu. Kwao Ufaransa nako, mara kadhaa aliongoza orodha ya watu wanaopendwa kuliko wote.

Walakini, kumpenda mshindi si kazi ngumu. Mtihani ulikuja Berlin, tarehe 9 Julai, 2006, katika fainali nyingine ya Kombe la Dunia. Katika dakika ya 110 Zidane alimpiga Marco Materazzi wa Italia kifuani, kwa kichwa kile kile kilicholeta furaha ya 1998. Alitolewa kwa kadi nyekundu, na huo ukawa mchezo wake wa mwisho. Ufaransa ilishindwa kwa penalti 5–3. Sisi tuliokuwa tukitazama tulinyamaza kimya, kana kwamba tumefiwa.

Siku chache baadaye Wafaransa waliulizwa maoni yao. Asilimia 61 walisema wamemsamehe.

Darasani wanafunzi wakatuuliza: je, kusamehe si kuubariki ubaya? Tukawajibu kuwa la. Hasira ni hasara, na hasara ile waliilipa wenzake kumi waliobaki uwanjani. Kosa halikufutwa na kura yoyote. Lakini tuliona jambo moja katika hesabu ile. Mgeni akikosea, watu husema, "Ndivyo walivyo wale." Aliye wao akikosea, humkemea kwa jina lake, kisha humfungulia mlango.

Kwa hiyo, kura za mwaka 2004 zilituonyesha jinsi Zidane alivyostaajabiwa. Msamaha wa mwaka 2006 ulituonyesha kuwa alikuwa kwao. Nasi tujiulize: ni nani miongoni mwetu tunaowashangilia wakishinda, kisha tukawaita wageni siku wanapojikwaa?