Mstari Mmoja Hadi Nyabugogo

Basi la kutoka Dar es Salaam likishavuka mto Kagera pale Rusumo linahamia upande wa kulia wa barabara, na saa inarudi nyuma saa nzima. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, Rwanda iko saa mbili. Simu yangu ilijirekebisha kabla sijarudisha pasipoti mfukoni. Jirani yangu wa kiti, mfanyabiashara wa Kahama, aliirudisha nyuma saa yake ya mkononi kwa ukucha. "Usipoirudisha hapahapa, kaka," akaniambia, "utagombana na makarani Kigali."

Mimi nilikuwa nakwenda kwa sababu ya ugomvi wa namna hiyohiyo. Ilikuwa Juni 2025, na sikuwa nimewahi kukanyaga Rwanda. Kampuni moja ya mabasi yenye dirisha la tiketi katika stendi ya Nyabugogo, Kigali, ilikuwa inachapa tiketi zenye saa pungufu: basi la Huye la saa kumi jioni, tiketi inasema 14:00. Abiria aliyefika kununua saa tisa akiitazama anaona ameuziwa basi lililokwisha kuondoka. Ana haki ya kupandisha sauti.

Kirehe, Kayonza, Rwamagana, migomba pande zote na vilima visivyoisha. Kigali tuliingia kwa upande wa mashariki, tukaukata mji, kisha barabara ikateremka mpaka bondeni ulipo mto Nyabugogo, unaokwenda kumwaga maji yake Nyabarongo. Nilitarajia kelele za stendi ya zamani ya Ubungo, Dar es Salaam. Kelele zipo, ila zina mpango: kila njia ina mahali pake, Musanze na Rubavu, Muhanga na Huye, Rusizi, Gatuna kwa wanaokwenda Kampala, na pikipiki zinamngoja abiria na kofia ngumu ya pili tayari. Kiswahili nilikisikia kabla sijakitafuta. Kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini hapa stendi kilikuwepo zamani, kimeletwa na madereva na wachuuzi wa Bukavu, Bujumbura na Mwanza. Dada wa dirishani alikuwa mtoto wa Biryogo, na alikizungumza bila kukitafuta.

"Karibu, fundi. Mashine ni hiyo, na watu ndio hao."

Mashine ilikuwa inaendeshwa na Debian 12, toleo imara la wakati huo, liitwalo bookworm, lililotoka Juni 2023. Walioiandaa walipunguza kila walichoona hakina kazi ili vilivyobaki vitoshe kwenye diski ndogo, na katika kupunguza huko kikaondoka kifurushi cha tzdata, kinachobeba majedwali ya saa za nchi zote duniani. Programu ya tiketi iliagizwa ifuate Africa/Kigali, na jedwali hilo halikuwepo. Mfumo ukilikosa haulalamiki, unashika tu saa ya kimataifa na kuendelea na kazi. Nilipoandika amri ya date, mahali ambapo ningesoma CAT, kifupi cha saa za Afrika ya Kati, nilisoma Africa. Jina lilikatwa kwenye mkwaju, likabaki neno la mbele, kana kwamba bara zima lina saa moja.

Nilisimika tzdata kwa mkono papo hapo, kwa sababu foleni haingoji. Kuipakua hakufiki hata nusu megabaiti. Lakini hilo liliponya mashine moja tu, na ikisimikwa upya kasoro inarudi. Chanzo kilikuwa kwenye kifurushi cha programu ya tiketi chenyewe: faili lake la control huorodhesha vitu ambavyo lazima viwepo ili programu ifanye kazi, na tzdata haikutajwa.

Toleo 2.4 la programu lilikuwa tayari na mstari wa kuitaja. Lilikuwa pia na skrini mpya ya mauzo, na lilihitaji Python 3.13, wakati bookworm ina 3.11. Wapo ambao wangeona jibu liko wazi: pandisha mfumo mzima. Mimi nalikataa jibu hilo, na ndiyo sababu ya kuyaandika haya. Dirisha linalohudumia watu tangu alfajiri halidai skrini mpya, linadai tiketi yenye saa sahihi. Kazi ya fundi ni kulichukua rekebisho hilo peke yake na kulirudisha kwenye toleo ambalo watu wanalitumia.

Jioni, kwenye chumba cha wageni juu ya barabara, nilifungua msimbo wa 2.3, toleo lililokuwa dirishani, nikaongeza tzdata kwenye mstari wa Depends, nikaeleza sababu kwenye changelog, nikakipa kifurushi namba 2.3-1+deb12u1. Mkia huo una maana. Apt, programu ya Debian ya kusimika vifurushi, itaona kifurushi ni kipya kuliko 2.3-1, hivyo itakichukua, na itakiona cha zamani kuliko 2.4-1, hivyo siku mfumo utakapopandishwa hakitaziba njia. Nilikijenga ndani ya bookworm safi, si kwenye kompyuta yangu iliyojaa vitu vya kesho, kisha nikalinganisha kipya na cha zamani kwa debdiff. Tofauti zilikuwa kwenye control na changelog basi.

Debian wenyewe wana desturi kali zaidi. Anayetaka kugusa toleo imara hutakiwa kwanza awe amerekebisha kasoro kwenye tawi linaloendelea kujengwa, kisha awasilishe debdiff kwa wasimamizi wa toleo imara, waisome mstari kwa mstari. Vijana wengi wanaona ni urasimu. Mimi naikumbuka Machi 2024, ilipogundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yamepandikizwa mlango wa siri. Bookworm ilikuwa na 5.4.1, na waliokuwa juu yake hawakuguswa.

Desturi hiyo ina nafasi ya busara pia, na tzdata ni mfano wake. Sudan Kusini iliporudisha saa nyuma tarehe 1 Februari 2021, ikatoka saa tatu kuja saa mbili, jedwali jipya, 2021a, lilitolewa tarehe 24 Januari. Zilibaki siku nane. Debian walilipeleka jedwali zima kwenye toleo imara la wakati ule, buster, kwa sababu serikali ikishabadili saa, jedwali la zamani linakuwa ni uongo.

Asubuhi niliiondoa tzdata kwa makusudi, nikasimika kifurushi kipya. Apt ikaivuta tzdata yenyewe bila kuambiwa. Tiketi ya Huye ikatoka: 16:00.

"Fundi, mbona skrini ni ileile?"

"Ni ileile, dada. Sikuigusa."

"Afadhali. Leo Ijumaa, nijifunze nyingine saa ngapi?"

Kifurushi nilikiweka kwenye hazina ya kampuni kabla ya saa sita. Huye na Rusizi wana mashine za namna ileile, nao wangekipata usiku huo kwa intaneti ya simu, katika sasisho dogo ambalo halingemaliza bando la mtu.