Paka peke yake hana kesi

Jamani, kuna maneno yamezagaa kwamba mwanamke akishika mimba, paka lazima aondoke nyumbani. Kule Ngombezi, Korogwe, shemeji yangu ana mimba ya miezi minne, na tayari majirani wamemshauri kaka amtie paka kwenye kiroba akamtupe katikati ya mkonge. Sasa tujiulize: paka akishatupwa, mtoto ndiyo amesalimika?

Ugonjwa unaoogopwa unaitwa toksoplasmosi. Kimelea chake kiligunduliwa mwaka 1908 mjini Tunis na Charles Nicolle na Louis Manceaux, ndani ya mnyama mdogo wa jamii ya panya. Ilichukua zaidi ya miaka 60, hadi kufikia 1970, kuthibitika kwamba vijiyai vyake hutengenezwa kwenye utumbo wa paka na kutoka na kinyesi. Kwa hiyo majirani hawajazua. Tatizo ni kwamba wameishia nusu ya habari.

Paka huambukizwa akila panya, ndege au nyama mbichi. Mara ya kwanza akiambukizwa hutoa vijiyai kwa wiki moja hadi tatu hivi, kisha kwa kawaida huacha. Lakini vijiyai hivyo vikiingia kwenye udongo wenye unyevu vinaweza kuishi zaidi ya mwaka. Ukimtupa paka leo, bustani inabaki pale pale, na panya wanabaki na mahindi yako. Mbuzi, kondoo na nguruwe nao wakila majani yenye vijiyai, kimelea hujificha kwenye nyama yao. Kwa hiyo mishkaki isiyoiva, kachumbari isiyooshwa vizuri, maji ya mtoni yasiyochemshwa, hata udongo wa kuokota ambao baadhi ya wajawazito hupenda kuutafuna, vyote ni njia.

Msidhani ni ugonjwa wa mbali. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2013 ulipima wajawazito 350, na karibu 31 katika kila 100 walikuwa wamewahi kuambukizwa. Wengi hawajui, maana huwa hawaumwi, au huhisi homa kidogo na tezi kuvimba. Hatari kubwa ni kwa mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito: mimba huweza kutoka, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho na ubongo. Mwingine ni mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana. Kwake kimelea kilicholala huamka na kushambulia ubongo, ndiyo maana septrini anayopewa kliniki si ya kuruka.

Kipimo cha ugonjwa huu si cha kawaida kwenye kliniki zetu za wajawazito, na chanjo kwa binadamu haipo. Kinga iko jikoni na uani. Nyama iive hadi ndani, mboga na matunda vioshwe kwa maji safi, maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika udongo au nyama mbichi. Kinyesi cha paka kizolewe kila siku, kwani vijiyai huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza.

Na anayezoa asiwe mjamzito. Wanaume wenzangu, hapo ndipo zamu yetu. Tushike koleo, tupalilie bustani sisi, na tukileta nyama nyumbani tusubiri iive.