Takataka juu ya Pikipiki ya Fahari

Mwaka 2018 kampuni ya Royal Enfield ilitoa pikipiki 1,000 tu za toleo maalumu kwa dunia nzima, ikaziita Classic 500 Pegasus. Ziliundwa kuienzi pikipiki ndogo ya sentimita za ujazo 125 ambayo Waingereza waliishusha kwa miavuli pamoja na askari wao katika Vita vya Pili vya Dunia. Zilikuwa na rangi ya kijeshi, mikoba ya turubai ubavuni na namba ya pekee juu ya tangi la mafuta. India, ambako kampuni hiyo ina makao yake sasa, ilitengewa 250. Zote ziliisha mtandaoni kwa sekunde 178.

Miezi michache haijapita, baadhi ya wanunuzi walizigeuza za kubebea takataka, makusudi, ili dunia ione.

Nimelitafakari tukio hili zaidi ya linavyostahili, pengine kwa sababu mimi mwenyewe ni mpenzi wa pikipiki za umbo la kale. Mlio wa silinda moja hunigeuza shingo hata katikati ya mazungumzo mazito. Kilichowaudhi ni hiki: mwishoni mwa Agosti kampuni ilitoa Classic 350 Signals, ya bei ya chini zaidi, ikiwa na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisigande breki zinaposhikwa ghafla. Pegasus ya India haikuwa nao.

Kuna waliosema hizo ni deko za wenye fedha, na hawakukosea kabisa. Anayenunua uchache hauziwi ubora. Hata hivyo siwezi kuwacheka. Pegasus iliyouzwa Uingereza ilikuwa na ABS, kwa kuwa sheria za Ulaya zilikwisha kuilazimisha. India nayo ilikuwa na sheria, ila pikipiki za miundo iliyokuwapo sokoni zilipewa muda hadi Aprili 2019. Jina moja, mikoba ileile, kumbukumbu ileile ya vita. Kilichotofautiana ni tarehe katika kanuni. Kiwanda hakikuvunja sheria, na mimi naona hilo ndilo baya zaidi, maana ukivunjiwa sheria angalau una mahali pa kushtaki.

Nilipolisimulia jambo hili darasani, kijana mmoja anayejilipia ada kwa kuendesha bodaboda aliuliza, "Mwalimu, na hizi zetu?" Nyingi za hizo zetu zinatoka India na China. Sheria ile ya India ilidai ABS kwa pikipiki zinazozidi sentimita za ujazo 125. Zilizo chini ya hapo ziliruhusiwa kuwa na breki zilizounganishwa tu. Nyingi za bodaboda tunazopanda hazina ABS, nazo hubeba abiria wawili na gunia la mkaa katika mvua ya masika.

Kijana yule aliongeza kwamba yeye akipakia taka kwenye pikipiki yake, watu watadhani amepata kibarua.

Wasomaji wangu mlio katika ofisi zinazopanga viwango vya vyombo vinavyoingia nchini, swali lake ni lenu. Naomba mlijibu kwa kutaja tarehe.