Barabara Ianze Kutengenezwa Wapi?

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Bariadi mwezi wa Agosti utaisifu nchi yetu. Barabara ya lami inayotoka Lamadi, kwenye njia ya Mwanza na Musoma, itakuleta kilomita kama 72 bila taabu. Ile inayotoka Maswa, kilomita kama 50, nayo ni lami. Tangu Mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012 tumeona mengi ya kumshukuru Mungu. Vumbi lipo, lakini vumbi halimzuii mtu kufika aendako.

Njoo tena mwezi wa Machi, uiache lami, uingie vijijini. Hapo ndipo utakapotufahamu.

Sisi ni akina mama wa mtaa mmoja wa kanisa, ng'ambo ya kijito kinachopeleka maji yake Mto Simiyu. Wakati wa kiangazi, kutoka kwetu hadi mjini ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wakati wa mvua hatutaji saa. Tunasema tu, "Tutafika Mungu akipenda."

Taabu yetu inaanzia kwenye udongo. Sisi Wasukuma tuna majina ya kila aina ya udongo, kwa maana ndio unaotulisha. Luseni ni udongo wa mchanga. Mvua ikikatika, maji yamekwisha kuzama. Mbuga ni udongo mweusi, mzito. Ukipata maji huvimba na kunata kama ugali usioiva. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa za kuingia mkono. Mbuga hutupa mpunga, nasi tunaipenda. Lakini barabara yetu, karibu yote, imepita juu ya mbuga.

Basi mama aendaye sokoni Bariadi na michembe yake, au kliniki na mtoto mgongoni, huvua viatu mlangoni kwake na kuvishika mkononi. Mwenye baiskeli hubeba kijiti cha kukwangua tope kwenye magurudumu, na mwisho huibeba baiskeli yenyewe. Watoto wa shule hufika darasani wameloa hadi kiunoni. Vijana wa bodaboda hupandisha nauli mara mbili, kisha siku nyingine hawaji kabisa. "Mayu, leo hapapitiki," ndivyo wanavyotuambia, na hatuwezi kuwalaumu.

Usiku ule wa Machi

Mwaka juzi, usiku mmoja wa mwezi wa Machi, mwenzetu wa kwaya alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri. Mume wake alipiga simu kuomba gari, akajibiwa kwamba gari litamngojea ng'ambo ya kijito, maana haliwezi kuvuka. Tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wakashika miguu ya kitanda, nasi tukatangulia na taa.

Kutoka nyumbani kwake hadi kwenye kijito ni mwendo wa nusu saa. Usiku ule tulitumia karibu saa tatu. Wabebaji walikuwa wakizama hadi magotini, wakianguka, wakibadilishana. Tulipofika, maji yalikuwa yamejaa. Gari tuliliona, taa zake zinawaka upande wa pili, mbali kiasi cha kutupa jiwe. Tulisubiri maji yapungue huku tukimwimbia mwenzetu ili asisikie kelele za mto. Alijifungua pale pale ukingoni, chini ya turubai. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Mama alivushwa alfajiri, akalazwa, na kwa neema ya Mungu alipona. Mtoto tulimzika siku iliyofuata.

Msibani watu walisema yanayosemwa siku zote, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Hata sisi tulisema hivyo, kwa kuwa hatukuwa na neno jingine la kumpa mama yule. Lakini baada ya matanga tulipokutana kwa maombi ya Alhamisi, mmoja wetu mwenye umri mkubwa aliuliza, "Mama zangu, mbona Mungu tunamsingizia? Yeye alileta mvua, na mvua tulikuwa tumemwomba. Kalavati je, naye ndiye aliyelinyima?"

Tulikaa kimya kitambo kirefu. Kisha yakatutoka yote tuliyokuwa nayo moyoni. Tulilalamikia greda lililokuja mwaka uliotangulia, mvua zimekwisha kuanza, likakwangua barabara siku mbili na kuondoka. Halikuacha mtaro wala kifusi. Barabara ikabaki chini kuliko mashamba, ikawa ndiyo mfereji wenyewe. Tulilalamikia ahadi. Tulilalamikia waume zetu wanaokwenda mikutanoni na kurudi bila jibu. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini tulipomaliza kulalamika, barabara ilikuwa vile vile.

Barua kutoka kwenye theluji

Mwenzetu mmoja ana binti aliye masomoni Sweden. Alipomsimulia yaliyotupata, binti alijibu kwa maelezo marefu, nasi tukayasomewa kikundini. Alisema kwamba huko nako watu hulalamikia barabara wakati wa baridi. Ile theluji tunayoijua kwa picha za Kilimanjaro, kwao huanguka uani na njiani, na ni lazima magari maalumu yaiondoe kila siku. Swali lao kubwa ni hili: waanze wapi?

Katika mji wa Karlskoga, mwanzoni mwa miaka ya 2010, viongozi waliitazama upya ratiba yao. Kwa desturi walianza na barabara kuu za magari, na njia za miguu na zile za kwenda shule za watoto wadogo zikafuata baadaye. Walipochunguza waliona kwamba wengi wa waendao kwa magari ni wanaume, na wanaotembea kwa miguu, wakisukuma vigari vya watoto, wengi ni wanawake. Tena waliokuwa wakiteleza na kuvunjika mifupa, wengi walikuwa watembea kwa miguu. Hakuna aliyekusudia kuwadharau akina mama. Ila hakuna aliyekuwa amewauliza. Basi wakaugeuza mpango, wakaanza na njia za miguu, kwa maana gari huweza kupita kwenye theluji kidogo kuliko mama mwenye mtoto.

Jiji la Stockholm nalo lilifuata mpango wa namna hiyo. Novemba 2016 theluji nyingi mno iliangukia jiji hilo, magari yakakwama, na watu wengi wakaulaumu mpango huo. Kwa hiyo hata kwa matajiri mambo hayanyooki kwa siku moja. Lakini swali lao lilituingia moyoni: barabara hutengenezwa kwa kumfikiria nani?

Kijijini kwetu jibu lilikuwa wazi. Kila ilipotajwa barabara, iliulizwa lori la pamba litapita wapi. Ni swali jema. Simiyu ni mkoa wa pamba, na pamba ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Lakini pamba yetu huuzwa kuanzia Mei, mvua zinapokwisha na njia inapokauka. Mama mjamzito hupita mwezi wowote. Pamba husubiri jua. Uchungu wa uzazi hausubiri.

Binti za Shalumu

Alhamisi iliyofuata tulisoma Nehemia sura ya 3, ambayo wengi tumezoea kuiruka kwa sababu ni majina matupu. Ni orodha ya watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, kila mmoja na kipande chake, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Wametajwa makuhani, wafua dhahabu na wafanya biashara. Wametajwa pia wakuu wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo kufanya kazi. Na katika mstari wa 12 ametajwa Shalumu, mkuu wa nusu ya mji, ambaye alijenga pamoja na binti zake. Biblia haikuona aibu kuwaandika binti wale katika kazi ya mawe na chokaa. Basi na sisi kwa nini tuone aibu?

Tulifanya jambo dogo. Kwa siku 7 tulipokezana kukaa kwenye kivuko na makopo mawili. Aliyepita kwa miguu tulimtilia punje ya mahindi kopo moja. Gari au pikipiki tuliitilia kopo la pili. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ulipofika, tulikwenda wote, tukaketi mbele, tukayaweka makopo yale mezani. La kwanza lilikuwa limejaa. La pili lilikuwa na punje za kuhesabika kwa vidole.

Mzee mmoja alituambia kwa upole, "Mayu, barabara ni mambo ya wataalamu." Tukamjibu, kwa heshima vile vile, "Ni kweli, Mzee. Ndiyo maana hatuombi kufundisha kazi. Tunaomba mtaalamu aambiwe aanzie hapa." Mama yule aliyefiwa alikuwepo. Hakusema neno. Hakuna aliyemwomba aseme, na hakuna aliyekuwa hamjui. Ombi letu likaandikwa: kalavati kwenye kijito kwanza, na kukwangua barabara baadaye.

Wiki chache baadaye fundi wa barabara alikuja kuona mahali penyewe. Alitueleza kwamba adui wa barabara ni maji yanayosimama. Greda likikwangua mbuga bila mitaro, hushusha barabara na kuifanya bwawa. Dawa ni kuinua tuta kwa moramu, kuchimba mitaro, na kuweka makalavati ili maji yavuke chini. Alitueleza pia kwamba mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Tukaelewa kosa letu: mwaka hata mwaka tulikuwa tunalia Machi, tukishatopea, na kunyamaza Agosti, njia ikikauka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tukiuona ufa wakati ukuta umekwisha kuanguka.

Kisha alituonyesha jambo lililotuinamisha vichwa. Mtaro wa zamani ulikuwepo, ila ulikuwa umefukiwa. Mashamba mawili yalilimwa kwa jembe la ng'ombe hadi ukingoni mwa barabara, na mifugo ilipitishwa humo kila siku. Moja ya mashamba yale ni la mmoja wetu. Aliomba radhi mbele ya wote, na msimu uliofuata alirudi nyuma hatua 5.

Kiangazi kile, kuanzia Julai, tulifukua mtaro ule kila Jumamosi asubuhi. Akina baba walianza kwa kutucheka, wakamalizia kwa kushika majembe. Kalavati halikuja mwaka huo. Tulifuatilia tena, kwa adabu, kila mkutano, na liliwekwa mwaka wa pili, mwezi wa Oktoba, juma moja kabla ya mvua za kwanza.

Hatutaki kukudanganya, msomaji mpenzi. Tope bado lipo. Kutoka kwenye kivuko hadi kwenye lami bado tunavua viatu, na ombi la moramu limo kwenye karatasi za mwaka ujao. Lakini Machi iliyopita mwenzetu mwingine alishikwa na uchungu usiku, mvua ikinyesha. Gari lilivuka kijito, likamfuata hadi karibu na nyumbani kwake, na mtoto alizaliwa hospitalini, mzima. Aliyekaa naye garini akimshika mkono ni yule mama wa mwaka juzi. Aliomba yeye mwenyewe kumsindikiza.

Mpendwa mama unayesoma haya, huenda kwenu si tope. Huenda ni mchanga wa pwani, au kilima kinachomomonyoka, au njia ya mjini iliyojaa maji machafu. Popote ulipo, wakati bado njia ni kavu, jiulize ni nani anayepita hapo kwa miguu, na kama kuna aliyewahi kumuuliza. Kisha nenda mkutanoni. Usiende na hasira peke yake. Nenda na hesabu yako, na jembe lako pia. Na unapokwenda, usiache kumwombea mwenye ofisi, maana naye ana mama na watoto.

Mungu awabariki, na awafikishe salama nyote mlio njiani.