Masale Yaliyotembea

Siku tuliyomzika kaka yangu, udongo uliochimbwa kaburini ulirundikwa kwenye mashina ya kahawa nilizomwibia. Vijana waliochimba hawakujua lolote. Walitafuta mahali pa kutupia udongo, wakaona safu ya kahawa iko karibu, wakautupa hapo. Mimi nilisimama upande wa pili nikiwa na kitabu cha nyimbo mkononi, mzee wa kanisa mwenye suti nyeusi, na kila koleo lililoshuka juu ya kahawa zile nililisikia kifuani.

Kwetu Kilimanjaro, mmea tunaouita sale una kazi zaidi ya moja. Hupandwa mpakani, kati ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na kihamba kingine, na ukishapandwa hapo huwa umesema neno la mwisho. Hupandwa kaburini. Na jani lake, likifungwa fundo, ni ombi la msamaha. Aliyemkosea ndugu au jirani hukata jani la sale, akalifunga, akalipeleka kwa mkono wake mwenyewe au kwa mkono wa mzee anayeheshimika. Aliyeletewa sale hawezi kulisukuma kando na kusema sitaki kusikia. Mila inambana. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 na kuanza kuhubiri toba, walikuta watu ambao tayari walijua jambo moja kubwa kuhusu toba: kosa halimalizwi kwa kujuta ukiwa umeketi nyumbani kwako. Lazima mtu ainuke, ashike njia, abishe hodi.

Mimi nilijua hayo tangu utotoni, na bado sikushika njia.

Baba alipofariki alituachia kihamba kimoja, kilichogawanywa kwa safu ya masale aliyoipanda mwenyewe akiwa bado ana nguvu. Kaka, mzaliwa wa kwanza, alipewa upande wa juu. Mimi kitindamimba nilibaki na nyumba ya wazazi na upande wa chini, kama ilivyo desturi. Kaka alikuwa akifanya kazi mbali na alirudi Desemba tu. Sale ni mmea mpole. Ukikata kipande cha shina ukakichomeka ardhini wakati wa mvua, kinashika bila kubembelezwa. Masika moja nilikata vipande, nikavichomeka hatua tatu kuelekea juu, kisha nikayakata masale ya baba hadi chini, nikafunika visiki vyake kwa majani ya migomba. Nilipata kahawa kumi na moja. Kumi na moja tu. Nimezihesabu mara nyingi tangu wakati huo, na kila nikizihesabu nashangaa bei ambayo mtu anaweza kumuuzia ndugu yake.

Desemba ile kaka alitembea shambani asubuhi, mikono nyuma, kama alivyokuwa akitembea baba. Akasimama. Akatazama juu, akatazama chini. Alipokuja kunywa chai aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mdogo wangu, naona masale yametembea." Nikamjibu, "Kaka, hapo ndipo mzee alipoyapanda." Akanywa chai yake. Hakulirudia neno hilo hadi alipokufa, miaka kumi na miwili baadaye.

Watu husema msiba huanza mtu akikata roho. Wangu ulianza asubuhi ile, juu ya kikombe cha chai. Tulikuwa tumezoea, kila Desemba, kusafisha mfongo, ule mfereji wa maji ya shambani, pamoja, yeye mbele na jembe, mimi nyuma nikitoa matope, tukisimuliana habari za mwaka mzima. Baada ya siku ile alisafisha sehemu yake peke yake, akimaliza kabla sijaamka. Hatukugombana. Tulikula nyama ya Krismasi meza moja, tulisalimiana kwa heshima, tulitumiana pole na hongera. Jirani akituona angesema hawa ndugu wanapendana. Lakini mazungumzo yetu yalikuwa yamewekewa mpaka, na mimi ndiye niliyeupanda.

Katika miaka hiyo yote kumi na miwili nilitubu kila Jumapili. Naomba unielewe hapa, maana ndipo penye uzito. Katika ibada yetu ya Kilutheri, kabla ya jambo lolote kubwa, usharika mzima huungama dhambi kwa sauti moja. Nilikuwa mbele, nikiongoza. Nilisema kwa kinywa changu kwamba mimi ni mwenye dhambi, na nilimaanisha. Lakini nilikuwa nimegundua, bila kujiambia wazi, kwamba neno dhambi ni pana mno, na mtu anaweza kuficha kahawa kumi na moja ndani yake zisionekane. Nilimwungamia Mungu bahari ili nisimtajie kaka yangu tone.

Mwaka mmoja ilinipasa kusoma somo kutoka Kumbukumbu la Torati, ile sura ya 27 ambamo Walawi wanatangaza laana moja baada ya nyingine na watu wote wanaitikia Amina. Miongoni mwa laana hizo imo ya mtu anayeondoa alama ya mpaka wa jirani yake. Niliisoma kwa sauti isiyotetemeka. Hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka leo, kwamba sauti yangu haikutetemeka.

Shangazi yetu mkubwa asingeweza kufanya hivyo. Yeye alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Watoto tulimwona ana ugumu fulani. Aliwahi kusimama kanisani akataja vyombo alivyowahi kuchukua katika nyumba aliyokuwa akifanya kazi, kimoja kimoja, kisha akasafiri kwenda kuvirudisha. Walokole wa kizazi chake ndivyo walivyokuwa. Hawakuona toba kuwa imekamilika hadi kitu kirudi kwa mwenyewe. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu huko Kigezi, alisimulia kwamba baada ya kuokoka mwaka 1941 alipanda baiskeli akaenda safari ndefu kwa Mwingereza mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia, ili amwombe msamaha ana kwa ana. Chuki yenyewe ilikuwa moyoni tu, hakumwibia mtu yule kitu, na bado alinyonga baiskeli hadi mlangoni pake. Wako waliowalaumu walokole kwamba walianika mno mambo ya siri, na pengine kuna walipopitiliza. Lakini nikipima kati ya ungamo la shangazi lenye sufuria na vijiko, na langu lenye maneno mapana, najua lipi lilikuwa toba.

Neno lenyewe linatuambia. Toba tumelipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni kurudi. Manabii wa Israeli walipowaita watu watubu, kwa Kiebrania waliwaambia vilevile: rudini. Mtu harudi hewani. Anarudi mahali, anarudi kwa mtu. Ndiyo maana Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 5, anamsimamisha mtu ambaye tayari amefika madhabahuni na sadaka yake, anamwambia aiache hapo hapo, akapatane kwanza na ndugu yake. Sadaka inaweza kungoja. Nimelihubiri fungu hilo kwenye jumuiya zetu za nyumbani. Sikuwahi kuuliza je, ndugu naye anaweza kungoja?

Kwaresima ya mwaka wa kumi na mbili kitu kilinishika. Siwezi kueleza kwa nini mwaka huo na si mwaka mwingine. Neema ina wakati wake. Nilikata jani la sale, nikalifunga fundo, nikaliweka ndani ya Biblia yangu. Ningeweza kumpigia simu. Nikajiambia jambo hili ni zito, haliendi kwa simu, nitamsubiri Desemba nimkabidhi mkononi. Sikuona kwamba huo nao ulikuwa ukwepaji uliovaa joho la heshima. Desemba akaja, amedhoofika kidogo, na wajukuu wawili. Nyumba ilijaa watu. Siku ya kwanza nilisema tumwache apumzike. Siku ya pili palikuwa na ubatizo. Usiku wa mwisho nilitoka na Biblia hadi uani, nikamwona ameketi peke yake akiota moto, nikasimama gizani nikitafuta sentensi ya kuanzia. Mtoto mmoja akaja akamkalia mapajani. Nikarudi ndani. Alfajiri waliondoka kuwahi basi.

Mwezi wa tatu tulipigiwa simu kwamba kiharusi kimemchukua.

Mchungaji nilimwambia yote wiki moja baada ya mazishi. Alinisikiliza, akaniwekea mkono kichwani, akanitangazia ondoleo la dhambi. Naliamini. Sitaki msomaji adhani nina shaka na msalaba wa Kristo. Lakini nimekaa sana na habari za Daudi tangu siku ile. Nathani alipomjia na ule mfano wa mwana-kondoo wa maskini, Daudi alikiri mara moja, na nabii akamwambia papo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Msamaha haukuchelewa hata dakika. Aliyekuwa amechelewa ni Daudi. Uria Mhiti, ambaye Daudi alisababisha auawe, alikuwa ameshalala chini ya ukuta wa Raba, na hakuna zaburi, hata iwe nzuri kiasi gani, ambayo Uria angeisikia. Zakayo alipata bahati ambayo Daudi hakuwa nayo: aliowadhulumu walikuwa hai, mjini mle mle Yeriko, na aliposema atawarudishia mara nne kulikuwa na mikono ya kupokea.

Hicho ndicho nilichopoteza mimi. Ndugu nimempoteza kama watu wote wanavyopoteza ndugu, na kwa hilo nafarijiwa na tumaini la ufufuo. Ila nimepoteza pia uso wake wakati ananisamehe. Sitajua angefanya nini. Huenda angecheka, alikuwa mwepesi wa kucheka zamani. Huenda angekasirika kwanza, angenisema usiku kucha, na kesho yake tungeshika majembe twende mfongoni. Yote hayo yalikuwa yangu kwa gharama ya jani moja na hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye moto ule.

Baada ya siku arobaini za msiba nilimwendea shemeji yangu. Nilikata sale jipya, maana lile la kwanza lilikuwa limekauka na kubaki kama karatasi. Nikamweleza mbele ya mwanawe mkubwa: masika ile, hatua tatu, kahawa kumi na moja, visiki chini ya majani ya migomba. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, alijua. Tuliyajua sote." Akalipokea jani kwa mikono miwili. "La kwangu nimekusamehe. Na watoto watakusamehe. La kwake siwezi kulipokea, sikutumwa." Sijawahi kusikia mahubiri yenye ukweli kama huo, na nashukuru kwamba hakunidanganya ili nijisikie vizuri.

Tulipima pamoja, mimi na yule kijana. Visiki vya masale ya baba tulivikuta vimeoza kasoro kimoja, na hicho kimoja kilitosha kutuonyesha mstari. Tukapanda upya. Kahawa ni zake sasa, na mavuno ya miaka kumi na miwili nimeanza kuyalipa kidogo kidogo, ingawa yeye anasema niache.

Wewe unayesoma, kama kuna jina lililokujia kichwani tangu mwanzo wa maneno haya, na mwenye jina hilo bado anaamka asubuhi akipika chai, nakusihi usingoje Krismasi. Usingoje sentensi nzuri ya kuanzia. Mpigie simu hata kama jambo ni zito. Ni afadhali toba isiyo na adabu kuliko ile niliyoitunza ndani ya Biblia.

Martin Luther, katika hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za mwaka 1517, aliandika kwamba Bwana alipotuita tutubu alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Nilifundishwa hilo kwenye kipaimara na sikulielewa. Safu ile ya masale ya uongo niliing'oa yote kwa mikono yangu, mashina na mizizi, au ndivyo nilivyodhani. Mvua zikinyesha, yanachipua tena, palepale nilipoyachomeka. Naamka mapema, naenda kuyang'oa. Masika ya mwaka huu yalikuwa manne.