Tulilitafuta Jua, Tukajifunza Kulikwepa

Waliotuaga Minneapolis walitupongeza kana kwamba tumeshinda bahati nasibu. Ilikuwa Aprili 2019, na kwenye vivuli vya majengo marundo ya theluji chafu yalikuwa bado hayajayeyuka. Sisi tulikuwa tunahamia Phoenix, Arizona, mji wa jangwani unaojisifia jua la karibu mwaka mzima. Kila aliyekula pilau yetu ya kuaga alisema neno lile lile: mmeokoka.

Sikuwa na sababu ya kubisha. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mume wangu anatoka Kisii, nyanda za juu, ambako Julai watu hushinda ndani ya sweta, lakini hata yeye baridi ya Minnesota ilimshinda. Tulikutana huko huko, Brooklyn Park, kitongoji chenye Wakenya wengi kiasi kwamba mtu hakosi omena wala unga wa ugali. Yeye alikuwa karani wa ghala, mimi nikifanya zamu za usiku katika nyumba ya kulea wazee. Desemba jua la huko huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo mtu wa zamu ya usiku anaweza kumaliza wiki asilione. Daktari alinipa vidonge vya vitamini D, akanishauri pia ninunue taa maalumu ya mezani, ya kumulika uso kila siku. Nilipomweleza mama kwenye simu kwamba ninaota taa, alicheka hadi akakohoa.

"Mwanangu, huku jua tunaligawa bure. Njoo uchukue."

Basi tulilitafuta jua kwa bidii. Nyumba tuliichagua kwa madirisha yake. Kwenye basi nilikaa upande wenye mwanga. Jumamosi yenye jua, hata ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, tulitoka kutembea juu ya ziwa lililoganda, ambako wazee walikuwa wametoboa barafu na kukaa vibandani wakivua samaki, magari yao yameegeshwa papo hapo juu ya maji.

Kilichotung'oa ni Januari ya 2019. Tarehe 30 kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na upepo ukazidisha makali yake. Shule zilifungwa, hata posta ikasitisha kupeleka barua. Kazini kwangu hapakuwa na kufunga, maana wazee hulishwa hali iwayo yote. Nilitoka zamu asubuhi, na kabla sijavuka uwanja wa magari pumzi yangu ilikuwa imeganda kwenye skafu. Gari likakataa kuwaka. Mume wangu alikuja kunichukua kwa gari la jirani, akaendesha kimya mpaka nyumbani, kisha akaniuliza, "Hivi sisi tunamlipa nani deni hili?" Mwezi uliofuata akaanza kuomba kazi Arizona.

Tulisafiri kwa gari. Mji mkubwa wa mwisho kabla ya kuteremka jangwani ni Flagstaff, ulio mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, katikati ya misonobari. Kutoka hapo hadi Phoenix, iliyoko mita 330 tu, ni mwendo wa saa mbili hivi, na katika saa hizo mbili unavua koti, kisha sweta, kisha unafungua dirisha. Misonobari inaisha, vilima vinabaki na vichaka, halafu zinatokea saguaro, zile kaktasi kubwa zenye mikono. Mume wangu alisimamisha gari tuzitazame. Saguaro huweza kuishi zaidi ya miaka 150, na mkono wake wa kwanza kwa kawaida hauoti kabla ya miaka 50. Sheria ya Arizona hairuhusu kuikata wala kuihamisha ovyo.

Phoenix ilitupokea kwa harufu ya maua ya michungwa. Nyumba ya kwanza tuliyopanga ilikuwa na dirisha pana lililoelekea magharibi, na mume wangu alilipenda kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Jioni tulikula kwenye roshani huku jua likizama nyuma ya milima, tukawapigia picha wenzetu wa Minnesota.

Mei kipimo kikavuka nyuzi 38. Juni kikavuka 43.

Mtu wa Mombasa hudhani joto ni ndugu yake. Lakini joto la Mombasa mara chache huvuka nyuzi 35, lina jasho, na alasiri upepo wa bahari hulipunguza makali. Mombasa hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, Phoenix 200 hivi tu. Katika ukavu huo jasho hukauka kabla hujaliona, na mwili huishiwa maji bila kukupa taarifa. Chuma cha mkanda wa gari huunguza kiuno. Usukani haushikiki, kwa hiyo leso zangu mbili nilizotoka nazo nyumbani zikapata kazi mpya ya kuufunika kila ninapoegesha. Lami huunguza kiasi kwamba mzee akianguka barabarani na kukosa wa kumwinua, hupelekwa hospitali na majeraha ya moto. Julai bomba la maji baridi linatoa maji ya moto, maana mabomba yanapita kwenye udongo uliokwisha kupikwa. Tulizima hita ya maji, na hakuna aliyeona tofauti bafuni.

Lile dirisha la magharibi nalo likaonyesha rangi yake. Kufikia saa kumi jioni sebule ilikuwa haikaliki, kiyoyozi hakinyamazi, na bili ya umeme ikapanda mara tatu. Jumapili moja mume wangu alipanda kwenye kiti akatundika dirishani blanketi zito tulilolinunua Minnesota kwa ajili ya baridi. Lilikaa pale hadi Oktoba.

Hapo ndipo siku yetu ilipogeuka. Minnesota tulingoja mchana upate nguvu ndipo tutoke. Phoenix mambo yote yalihamia alfajiri. Saa kumi na moja hata hakujapambazuka vizuri, utawakuta watu wanakimbia, wanaosha magari, mafundi wako juu ya mapaa wanapiga misumari, ili ikifika saa sita mchana wawe wamekwisha kushuka. Kukiwa na onyo la joto kali, halmashauri ya jiji hufunga baadhi ya njia za kupanda milima wakati wa mchana. Hata saa za ukutani zinafuata mantiki hiyo. Tangu 1968 Arizona, ukiacha eneo la Wanavajo, haisogezi saa mbele kiangazi kama majimbo mengine mengi ya Marekani. Nani huku anataka jua la jioni liongezwe?

Matembezi yetu ya alfajiri yalikuwa kando ya mifereji ya maji, na ndiyo iliyonifundisha mji huu umesimama juu ya nini. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, watu wanaoitwa Hohokam walichimba hapa mamia ya kilomita za mifereji kwa zana za mawe na mbao, wakalima mahindi, maharage na pamba. Walowezi waliofika miaka ya 1860 waliikuta mifereji hiyo mitupu, wakafukua baadhi yake, wakaupa mji jina la yule ndege wa ngano anayefufuka kutoka majivuni. Baadaye likaja bwawa la Roosevelt, lililokamilika 1911, na kisha mfereji mkuu wenye urefu wa kilomita 540 hivi, unaoleta maji ya mto Colorado. Mwaka 1950 Phoenix ilikuwa na wakazi wapatao 107,000. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya 1,600,000. Kilichowaleta ni maji hayo pamoja na kiyoyozi. Ondoa kimojawapo, mji haupo.

Lakini kadiri mji ulivyokua, lami na saruji ziliongezeka, nazo hunywa joto mchana na kulitoa usiku. Wenyeji wa siku nyingi husimulia walivyokuwa wakilala nje. Sisi hatukuwahi kuonja usiku wa namna hiyo katikati ya Julai.

Katika uchunguzi wa kawaida wa afya, daktari mpya aliniambia niendelee na vidonge vya vitamini D. Nilicheka pale pale ofisini kwake. Minnesota nilivimeza kwa sababu jua halikuwepo. Phoenix nilikuwa ninavimeza kwa sababu lipo mno, nami nashinda ndani nikilikwepa. Tulipohama nyumba, swali la kwanza kwa wakala lilikuwa madirisha yanaelekea wapi. Tukapata ya kaskazini, na uani mti wa mesquite wenye kivuli. Binti yetu amekua akijua kwamba bembea huchezewa jua likishazama.

Kisha ukaja mwaka 2023. Kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, siku 31 mfululizo, kipimo kilifika au kuvuka nyuzi 43 kila siku. Rekodi ya zamani, ya mwaka 1974, ilikuwa siku 18. Usiku ndio uliokuwa mbaya zaidi, kwa sababu kwa siku 16 mfululizo haukushuka chini ya nyuzi 32. Saguaro hufungua vinyweleo vyake usiku, wakati wa ubaridi, na mwaka ule baadhi zilidondosha mikono, nyingine zikaanguka nzima nzima.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi bibi mmoja Mkongo, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Phoenix ina Wakongo wengi waliokuja kwa njia hiyo, na Kiswahili chao ndicho kilichotukutanisha. Alasiri moja nilimpelekea maandazi, nikakuta amezima kiyoyozi, madirisha yamefungwa, na feni ndogo inampulizia hewa ya moto usoni.

"Bibi, shikamoo. Mbona umezima mashine?"

"Ile mashini inakulaka feza, mwana wangu. Mimi niko mutu ya Uvira, jua nilishaizoea."

Kipimo cha ukutani kilikuwa kimevuka nyuzi 37. Joto likipita lile la mwili, feni haipoozi tena, inazidi kukukausha. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, na baada ya sentensi ile akaanza kuniita kwa jina la mtu mwingine. Kazi ya kulea wazee imenifundisha kuiogopa dalili hiyo. Nilimwita mume wangu, akapiga simu ya dharura, mimi nikalowesha leso kwa maji ya friji nikamfunga shingoni na kwapani, tukawasha ile mashine aliyoihurumia fedha yake. Alilazwa, akapona, akarudi. Tangu hapo binti yangu na mimi humpitia kila jioni ya kiangazi, na tukiingia tunasikiliza kwanza kama kiyoyozi kinanguruma.

Mwaka ule kaunti ya Maricopa, yenye mji wa Phoenix, ilihesabu vifo 645 vilivyosababishwa na joto au kuchangiwa nalo. Karibu nusu walikuwa watu wasio na makazi. Miongoni mwa waliofia ndani, wengi walikuwa na kiyoyozi, ila kimeharibika, kimezimwa au hakina umeme.

Minnesota hakuna anayejivunia kuizoea baridi hadi akazima hita. Baridi ya huko ni adui wa wote, na jamii imejipanga dhidi yake zamani: barabara zinafagiliwa theluji usiku, majengo ya katikati ya jiji yameunganishwa kwa njia za juu zenye joto, na sheria humlinda mkazi asikatiwe joto miezi ya baridi, mradi apange namna ya kulipa. Joto la jangwani liliachwa kwa muda mrefu kuwa shauri la kila mtu na mfuko wake. Ilibidi mwanamke mzee aliyekatiwa umeme kwa deni afariki mwaka 2018 ndipo wasimamizi wa huduma za umeme wa Arizona, mwaka uliofuata, wazuie ukataji wa umeme majumbani katika miezi ya joto kwa kampuni zilizo chini yao. Mwaka 2021 Phoenix ikaanzisha ofisi ya kushughulikia joto, na maktaba kadhaa zikawa vituo vya kupoozea mwili. Ni hatua njema, ila zimechelewa.

Hatujutii kuhama. Februari, wenzetu wa Minneapolis wakiwa wanazoa theluji kwa sepetu, sisi tunachuma machungwa, na hilo hatuachi kuwakumbusha. Lakini neno lile la kuaga, kwamba tumeokoka, siwezi kumwambia mtu mwingine.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama umekata shauri kuja huku kutoka Minnesota, Nyarugusu au Mombasa, usiulize bei ya kodi peke yake. Uliza bili ya umeme ya Julai, si ya Januari. Uliza madirisha yanaelekea wapi na kiyoyozi kina umri gani, na ujue kwamba kanuni za jiji la Phoenix zinamtaka mwenye nyumba ya kupangisha yenye kiyoyozi ahakikishe kinaweza kuipooza hadi nyuzi 28. Kisha, ukishapanga vyombo vyako, toka ukabishe hodi kwa mzee wa jirani na umwulize kama chake kinafanya kazi.